Kutoka darasa la juu la baleti hadi uchezaji wa kulipwa: jibu kwa mwalimu wa Unguja

Swali: Assalamu alaykum. Huu ni mwaka wa tisa nasomesha baleti hapa Unguja, katika ukumbi wa kukodi wenye sakafu ya vigae. Watoto wengi huacha wakifika darasa la saba, lakini watatu wamebaki: wasichana wawili, wa miaka 14 na 15, na mvulana wa miaka 16. Mwaka jana nilikwenda nao Nairobi, wakafanya mtihani wa Advanced Foundation wa Royal Academy of Dance, na wote walifaulu vizuri. Wanafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila mara. Sasa wazee wao wananiuliza kama watoto wanaweza kuwa wachezaji wa kulipwa, nami sijui niwajibu nini. Niongeze nini katika mafunzo? Mvulana pia analalamikia goti.

Jibu: Wa alaykumu salaam, mwalimu mwenzangu. Wajibu wazee kwamba inawezekana, ila si kwa saa nne na nusu kwa wiki, si juu ya vigae, na si Unguja peke yake. Miaka miwili au mitatu ya mwisho ya kumtengeneza mchezaji wa baleti wa kulipwa huhitaji vitu ambavyo hapa hatuna: darasa zima la wenzake wa kiwango chake wa kushindana nao kila siku, mpiga piano, mwalimu wa dansi ya wawili, na jukwaa la kuchezea mara kwa mara. Kwa hiyo usijitwike mzigo wa kuwamaliza watoto hawa. Kazi yako ni kuwafikisha kwenye mlango wa skuli ya amali ya ng'ambo, yaani inayofundisha baleti kama kazi ya kulipwa, wakiwa na mwili mzima na ufundi ambao hakuna atakayelazimika kuufumua. Nimesomesha pande zote mbili za mlango huo, na nakuhakikishia kwamba mwalimu wa upande wa pili huchoshwa zaidi na mwanafunzi aliyefundishwa mengi vibaya kuliko aliyefundishwa machache sawasawa.

Muda uliobaki ni mdogo kuliko wazee wanavyodhani. Skuli hizo hupokea wanafunzi wa madarasa ya juu wakiwa na miaka 15 hadi 17, ili kampuni za baleti ziwachukue wakiwa na 18 au 19. Binti wa miaka 15 ana msimu mmoja au miwili ya kuomba, na wa 14 ana nafasi zaidi kidogo. Mvulana ana afueni ambayo wasichana hawana, kwa sababu wavulana katika fani hii ni wachache na miili yao huchelewa kukomaa, hivyo wasaili humvumilia kwa yale ambayo bado hajayaweza. Utaletewa mifano ya waliochelewa, na ni mifano ya kweli: Misty Copeland alianza akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza mwanamke kufikia daraja la juu kabisa katika American Ballet Theatre, kampuni kubwa ya baleti ya New York. Lakini tangu alipoanza alifanya kazi ya kila siku, na hapo ndipo wanaosimulia kisa hicho hupaharakisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda usilipende. Mtihani waliofaulu ni wa ngazi ya tatu kati ya ngazi tano za mitihani ya amali ya taasisi ile ya London, iliyoanzishwa mwaka 1920. Ni mtihani mzuri, kwani unamlazimisha mtoto kusimama sawasawa na kuusikiliza muziki. Tatizo ni kwamba mazoezi yake mengi hujulikana tangu mwanzo wa mwaka, na kipande anachokitoa mtahini papo hapo ni kifupi. Mtoto huyarudia miezi kumi, miguu ikayahifadhi kama mwanafunzi wa chuoni anavyohifadhi juzuu, na siku ya mtihani huyatoa bila ya kufikiri. Katika usaili wa skuli kubwa, na katika darasa la kila asubuhi la kampuni yoyote, mambo ni kinyume chake: mwalimu huonyesha zoezi mara moja, mara nyengine kwa viganja tu huku yeye mwenyewe amesimama, kisha muziki unaanza. Katika usaili wangu wa kwanza nje ya nchi nilijificha mstari wa nyuma nikiufuata mgongo wa aliye mbele yangu, na nilidhani hakuna aliyeniona mpaka nilipoambiwa jina langu halimo.

Badiliko la kwanza, basi, halitakugharimu hata shilingi. Katika kila vipindi vitano, kimoja kibaki cha mtaala wa mtihani, na vinne viwe vya mazoezi mapya ambayo wewe umeyaandika daftarini usiku wa jana. Onyesha mara moja. Anza na mafungu mawili ya hesabu nane, baadaye manne, na baada ya miezi michache wadai zoezi zima upande wa kushoto bila ya kuwaonyesha, kisha walirejeshe kinyumenyume. Wiki za mwanzo zitakuwa za aibu kwa wote, na watoto waliokuwa hodari wataonekana kama wanaoanza. Usirudi nyuma.

Kuhusu saa, skuli za amali za Ulaya huwafanyisha kazi vijana wa miaka 16 hadi 18 siku sita kwa wiki, saa nne hadi sita kwa siku, ukijumlisha darasa, viatu vya ncha (vile vya kusimamia ncha za vidole), dansi ya wawili na mazoezi ya jukwaa. Hutafika huko, wala sikushauri ujaribu, kwa sababu hawa wana skuli asubuhi na chuo mchana, na mtoto aliyefeli Kidato cha Nne kwa ajili ya baleti atakufungia mlango wewe na kila mwalimu atakayekuja baada yako. Lakini saa 13 zinapatikana. Chukua saa mbili baada ya sala ya alasiri siku za Jumatatu, Jumanne na Jumatano, halafu Jumamosi na Jumapili asubuhi, kabla jua halijapanda, saa tatu na nusu kila siku, pamoja na mapumziko ya kati. Alhamisi na Ijumaa ziache. Ongezeko lenyewe liwe la polepole, saa moja kwa kila wiki mbili, na hivyo itakuchukua kama miezi minne kufika. Mifupa haijui kwamba umepata ari mpya, na ikiongezewa kazi ghafla hufanya nyufa ndogo ambazo huanza kama maumivu ya kawaida ya wayo au ya ugoko. Mimi nilicheza na ufa wa aina hiyo wiki tano, katika skuli ambayo kulalamika kulihesabiwa uvivu, na nikapoteza mwaka.

Hata hivyo, usiongeze dakika moja kabla ya kuitengeneza sakafu, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu nitakaa kidogo. Kila anaporuka na kutua, mguu hupokea nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa, na darasa moja la ngazi ya juu huwa na miruko mingi mno. Sakafu ya ukumbi wa baleti hubonyea kidogo na kurudi, ikachukua sehemu ya nguvu hiyo, ilhali kigae kilicholala juu ya zege hakichukui chochote. Mwalimu mwenye huruma anayefanya kazi juu ya vigae hupunguza miruko bila ya hata kujua kwamba anaipunguza, na matokeo yake ni wanafunzi wenye mikono mizuri, mizunguko mizuri, na miruko ya mtoto wa miaka kumi. Nitashangaa kama wako si hivyo. Mwaka 2020 ulimwengu mzima ulimshangilia Anthony Madu, mtoto wa Lagos aliyecheza peku kwenye mvua katika video, ambaye baadaye alikwenda kusoma Elmhurst Ballet School huko Birmingham. Nami nilimshangilia, lakini kila nikiitazama video ile macho yangu huenda kwenye ardhi anayotulia.

Sakafu unayoihitaji haiagizwi nje. Nunua mabamba 24 ya plaiwudi ya futi nne kwa nane, yenye unene wa milimita 12. Chini ya mabamba 12 ya mwanzo gundisha vipande vya sponji ngumu vya ukubwa wa kiganja, kila baada ya sentimita 30 hivi, uyalaze yakitanda eneo la karibu mita 5 kwa 7. Mabamba 12 ya juu yapangwe ili viungo vyake visikutane na viungo vya chini, kisha yafungwe kwa skurubu, siyo kwa misumari, kwa kuwa ukumbi ni wa kukodi na siku moja utaambiwa uhame. Juu yake tandika mpira wa sakafu usiong'aa. Acha upenyo pembeni ili hewa ipite, la sivyo unyevu wa masika utaiozesha kutoka chini. Hahitajiki fundi wa milango ya nakshi, seremala wa kawaida ataimaliza kwa siku chache. Michango ya kwanza ya wazee iende hapa kabla ya nguo za maonesho na kabla ya nauli za safari.

Unyevu huo huo ndio unaoviua viatu vya ncha. Kisanduku cha mbele kinachobeba vidole hujengwa kwa tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na jasho pamoja na hewa ya pwani huilainisha gundi hiyo mapema kuliko inavyotarajiwa katika nchi za baridi. Kila binti awe na jozi mbili za kubadilishana, zikaushwe kivulini mbele ya feni na pamba zake zikiwa zimetolewa, na kamwe zisifungwe katika mfuko wa plastiki. Jozi moja huweza kufika dola 100, najua, na ndiyo maana kishawishi cha kuendelea na kiatu kilichokufa ni kikubwa. Kiatu kilicholainika humwangusha mtoto mbele ya ncha yake, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa.

Tukija kwenye darasa lenyewe, ushauri wangu ni mmoja kwa namna nyingi: punguza mwendo. Kinachomtenga mchezaji wa kulipwa na mwanafunzi hodari hakipo kwenye urefu wa mguu unaopanda juu, kipo kwenye sehemu ambazo mtazamaji wa kawaida hazioni, yaani mguu unavyoondoka kwenye nafasi ya tano, ile ya mguu mmoja kufungwa mbele ya mwengine, na unavyorudi, uzito unavyohama kutoka mguu huu kwenda ule, na kisigino kinavyoguswa chini baada ya kila mruko hata pale muziki unapokimbia. Zoezi la kuuteleza mguu mpaka ncha, ambalo kwa Kifaransa ni tendu, likitamkwa tandu (na kwa masikio yetu ni jina la mdudu, watoto wangu walicheka nalo mwezi mzima), lifanywe kwa hesabu nne kwenda na nne kurudi kabla ya kulikimbiza, ili kila sehemu ya wayo ipite sakafuni kwa zamu yake. Halafu waangalie nyonga. Watoto wengi hufungua miguu, yaani huigeuzia nje, kwa kuisukuma chini kwenye goti na kifundo, wakisaidiwa na sakafu inayonata au unga wa rozini, ule ule wanaoupaka wapiga fidla wa taarabu kwenye uta. Vigae vyako vina faida moja, nayo ni hii: wavishe soksi, wasimame nafasi ya kwanza (visigino pamoja, vidole nje) juu ya vigae, wakunje magoti polepole huku wameshika ufito, ule mti wa kushikilia wakati wa mazoezi. Mguu usioshikiliwa na misuli ya nyonga utarudi mbele wenyewe, na mtoto ataona kwa macho yake ufunguko wake wa kweli ni kiasi gani. Hicho ndicho kiasi cha kufanyia kazi. (Nasema ufito kwa sababu jina lake la kimataifa ni baa, na sipendi mzee wa Kiunguja asikie kwamba mwanawe anashinda baa kila alasiri.)

Huna haja ya kununua mfumo mpya. Kuna walimu wanaochukua kidogo cha Agrippina Vaganova, aliyechapisha mfumo wake wa Urusi mwaka 1934, kidogo cha Enrico Cecchetti wa Italia na kidogo cha August Bournonville wa Denmark, wakatoa mwanafunzi ambaye mikono yake inazungumza lugha tatu kwa wakati mmoja. Baki na mfumo wako, na uazime unachokosa kwa makusudi. Kwa Vaganova azima ule msisitizo wa kichwa, mgongo na mikono kufanya kazi pamoja na mguu tangu zoezi la kwanza la ufitoni, maana wanafunzi wa mitihani huacha mkono uwe pambo. Kwa Cecchetti azima wazo la kuipa kila siku ya wiki kazi yake maalumu, ili Jumatatu na Jumatano zisifanane. Kwa Bournonville, bwana wa Copenhagen, azima mchanganyiko mmoja wa miruko midogo kila wiki, yenye mikono iliyotulia chini na kubadili mwelekeo ghafla, kwani hapo ndipo watoto wa vigae walipopungukiwa. Lakini kabla ya miruko mirefu kila mmoja aweze kupanda juu ya mguu mmoja, goti limenyooka, mara 20 hadi 25 mfululizo bila ya kuyumba. Asiyeweza asubiri, hata akiwa ndiye mwenye cheti chenye alama nyingi.

Muziki utawasaidia kuliko unavyofikiri, na pia utawatega. Mtoto aliyekua akisikia kidumbaki kwenye harusi na kuona msewe ukichezwa ana sikio la mapigo ambalo wenzake wa ng'ambo hulitafuta kwa miaka. Mtego ni kwamba katika ngoma zetu nyingi pigo zito hukutana na mguu unapokanyaga, wakati miruko mingi ya baleti hutaka pigo lisikike mchezaji akiwa juu, au mguu ukiwa umekwisha kufunga. Watoto wetu hutua juu ya pigo, wakaonekana wazito ingawa hawana uzito wowote. Wakalishe chini wapige makofi kwanza, mkono mmoja ukiwa ni sakafu na mwengine ukiwa ni mruko. Kisha warejee kusimama.

Nakuomba usiwape vipande vya jukwaa vinavyowazidi. Mizunguko 32 ya mguu mmoja katika baleti ya Swan Lake iliwekwa mwaka 1895 kwa ajili ya Pierina Legnani, mchezaji mzima aliyekwisha kuwa bingwa wa mizunguko, na leo kila msichana wa miaka 14 mwenye simu anataka kuifanya. Kumi na sita yenye kutangatanga hazimsaidii mbele ya msaili hata kidogo. Mzunguko wa mara mbili ulio safi, kulia na kushoto, unaoishia kimya, humsaidia sana. Tafuta vipande vifupi vya wasichana katika baleti ya Giselle, khasa vile vya wanakijiji, au vya mapari (viumbe wa ngano wenye uchawi) katika The Sleeping Beauty, ambavyo vinapima usafi na tabia kuliko nguvu.

Kwa mvulana, kipindi cha wasichana hakimtoshi. Anahitaji muda wake wa peke yake, angalau mara mbili kwa wiki, wa miruko mikubwa na mizunguko ya angani, pamoja na mazoezi ya nguvu za mgongo, mabega na mapaja, kwa kuwa atakapofika skuli ya amali atatakiwa kumwinua mwenzake. Hapa tunafika kwenye jambo ambalo mwalimu wa Zanzibar hawezi kulipita akinyamaza. Dansi ya wawili ni mwanamume kumshika mwanamke kiunoni. Usilianzishe kwa kuficha, na usiwategemee watoto wakuombee ruhusa kwa wazee. Waite wazee wa watoto wote watatu, waeleze fani inavyokuwa mwisho wake, pamoja na mavazi ya jukwaani, kabla ya mtu kutoa fedha nyengine yoyote. Kama watakataa dansi ya wawili isifanyike hapa, kubali. Wasichana hawatapungukiwa sana, na mvulana anaweza kujenga nguvu kwa magunia ya mchanga na kujifunza kumshika mtu atakapofika huko. Lakini mzee ambaye moyoni mwake hataki mwanawe acheze hivyo hata ng'ambo, ni haki yake ajue leo, siyo siku ya barua ya kukubaliwa.

Mavazi ya darasani, kwa upande mwengine, yanatatulika. Mwalimu anahitaji kuona goti, nyonga na mgongo, wala hahitaji kuona ngozi. Suruali ndefu ya kubana, fulana ya mikono mirefu inayolala mwilini na kitambaa cha kichwa kilichofungwa imara vinatosha. Zile soksi ndefu za waridi zilikusudiwa zifanane na ngozi za Ulaya, ili mguu na kiatu viwe mstari mmoja usiokatika, na kwa mtoto mweusi huukata mstari ule ule. Dance Theatre of Harlem, kampuni ya baleti ya New York iliyoanzishwa na Arthur Mitchell na Karel Shook mwaka 1969, iliwavisha wachezaji wake rangi za ngozi zao miaka mingi iliyopita, na tangu mwaka 2018 Freed of London inauza viatu vya ncha vya rangi za kahawia. Fanya hivyo utakapowapiga video za kuombea skuli.

Kuhusu miili yao nitasema bila ya kuficha, kwani ni amana. Binti anayefanya kazi saa 13 kwa wiki akila kama anayekaa tu, mwili wake huanza kukata matumizi, na moja katika mambo ya mwanzo kukatwa ni hedhi. Ikipotea miezi mitatu, au kama binti wa miaka 15 hajaiona kabisa, hilo si jambo la kawaida la wachezaji kama wanavyodai baadhi ya walimu wa zamani. Ni ishara kwamba mifupa yake inadhoofika, na apelekwe kwa daktari. Muombe mama mzazi au mwalimu wa kike aliangalie hilo kwa staha. Usiwapime uzito darasani. Wale wali na maharage, samaki, mayai, tende na maziwa, na wapate kitu tumboni baada ya skuli kabla ya kuja kwako, hata kama ni ndizi mbili na kikombe cha uji.

Ramadhani ipangiwe ratiba yake mapema. Darasa la miruko katika saa za mwisho kabla ya magharibi, mtoto akiwa hajanywa maji tangu alfajiri na nje joto likiwa limepita nyuzi 30, halina faida yoyote. Asubuhi wafanye kazi nyepesi ya kulala sakafuni, ya nyonga na tumbo, na darasa kamili lihamie baada ya tarawehe, siku tatu kwa wiki, kwa muda wa saa moja na robo. Watapoteza kidogo tu, na wiki mbili baada ya Idi watakuwa wamerudi.

Na mlango wenyewe? Kwa binti wa miaka 15 na mvulana, tayarisha mwaka huu video. Simu ilazwe kwa ubavu, iwekwe kwenye kimo cha kiuno, mwili wote uonekane kutoka kichwani hadi miguuni, mwanga utoke nyuma ya mpiga picha, na usikate katikati ya zoezi, kwani msaili akiona mkato hudhani kuna kilichofichwa. Mashindano ya Prix de Lausanne huko Uswisi, yaliyoanza mwaka 1973, hupokea vijana wa miaka 15 hadi 18 ambao bado si wachezaji wa kulipwa, na zawadi yake kuu ni nafasi za masomo katika skuli na kampuni zinazoshirikiana nayo. Wengi hawavuki hatua ya video, lakini kuitayarisha peke yake kutakuonyesha mapungufu yako yote kwa wiki moja. Lenye uwezekano zaidi ni kozi fupi ya likizo katika skuli ya amali, ambako mtoto huonwa darasani kwa siku kadhaa badala ya dakika tano. Kwa jirani, Dance Centre Kenya ya Nairobi imekwisha kutoa njia: Joel Kioko, kijana aliyekulia mtaa wa Kuwinda, Nairobi, alitoka hapo akaenda English National Ballet School mjini London. Kama wazee wana jamaa Nairobi, likizo ndefu moja huko, watoto wakisimama kati ya wenzao wanaowazidi, itawafaa kuliko miezi sita ya sifa zako. Pasipoti zishughulikiwe sasa, kabla hazijahitajika.

Nimeliacha goti mpaka mwisho, ingawa kwa utekelezaji liwe la kwanza. Kijana anayekua kwa kasi huweza kupata maumivu chini ya pia ya goti, pale kano ya paja inaposhika mfupa wa ugoko, na mara nyingi kivimbe kidogo kigumu huonekana hapo. Hutokana na miruko mingi wakati mfupa haujamaliza kukua, na hutulia kazi ikipunguzwa. Lakini goti linalovimba lote, linalokwama au linalomwamsha usiku ni jambo jengine, nami siwezi kulipima kwa barua. Mpeleke kwa daktari wa mifupa wiki hii, usimruhusu kuruka juu ya vigae mpaka arudi na jibu, na muulize ni mguu gani anaotulia zaidi. Nadhani utakuta ndio huo huo.